Okidi kisiwani Mombasa: Kuchagua kati ya makumbi, makaa na gogo la kufungia

OKIDI inapokufa mjini Mombasa, lawama ya kwanza hutupiwa jua. Mwenyewe huihamishia kivulini, akaizidishia maji, na baada ya majuma kadhaa majani yaliyosalia hugeuka manjano kisha yakapukutika. Wapo pia wanaoamini kwamba ua hilo ni la watu wa Limuru na Ulaya, na kwamba kulipanda pwani ni kujisumbua bure.

Imani hiyo haina msingi. Pwani ya Kenya ina okidi zake za asili, tena nyingine huota juu ya miamba ya matumbawe mahali ambapo mihogo isingestahimili. Kinachoua okidi nyingi kisiwani si jua wala joto, bali ni kile kilichomo ndani ya chungu. Mizizi hukosa hewa, au huunguzwa na chumvi, na aghalabu hupatwa na yote mawili kwa pamoja.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi wa kisiwa, awe anaishi ghorofani karibu na Mwembe Tayari au katika nyumba yenye ua wa ndani Mji wa Kale, anavyoweza kuchagua vitu vya kupandia okidi pamoja na maegemeo ya kuifungia. Karibu vyote vinavyohitajiwa vinapatikana pwani hapa hapa, na vingine hutupwa jaani kila siku.

Mzizi unaopenda hewa

Okidi nyingi zinazofugwa majumbani, zikiwemo Dendrobium, Vanda, Cattleya na Phalaenopsis, kwa asili huota juu ya miti. Haziunyonyi mti kama kimelea. Huukalia tu kwa ajili ya mwangaza na upepo. Chakula chao hutokana na maji ya mvua yanayoteremka katika magome, na vumbi na majani makavu yanayonasa kwenye mizizi.

Mzizi wa okidi ya aina hii umevikwa ganda jeupe mfano wa sifongo, ambalo wataalamu huliita velameni. Mvua inaponyesha ganda hilo hulowa kwa muda mfupi sana, na rangi ya kijani iliyofichika ndani hujitokeza. Mvua ikikatika upepo huukausha, nao mzizi hurejea weupe wake. Kulowa na kukauka huko ndiko uhai wake. Ukiufukia katika udongo wa bustani, sifongo hiyo hubaki imelowa usiku na mchana, hewa hukatika, na mzizi huoza ukawa kama uzi ndani ya ngozi tupu.

Mtu asiyeamini na atazame okidi za mwambao zenyewe. Ansellia africana, yenye maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ya chui, huota juu ya mibuyu na mikoma. Mizizi yake mingine haishuki chini bali husimama wima kama sindano, ikajenga kikapu cha kunasia majani yanayoanguka. Mmea huo hujitengenezea wenyewe mchanganyiko wake wa kupandia. Acampe pachyglossa ina mizizi minene kama kamba ya jahazi, nayo hung'ang'ania mbuyu mchana kutwa juani. Kuna na jenasi ya Microcoelia, ambayo haina majani kabisa. Mizizi yake ya kijani ndiyo inayofanya kazi ya majani, na kuizika ni sawa na kuufunika mchicha kwa ndoo.

Ile inayostahili kupendwa zaidi na watu wa Mombasa, kwa maoni ya mwandishi, ni Angraecum eburneum ya mwambao, ambayo jina lake la spishi ndogo, giryamae, limetokana na Wagiriama. Maua yake ni meupe yenye kijani, na hunukia usiku. Mji unaothamini asumini, vilua na mkadi ungekwisha kuipa nafasi barazani zamani.

Hali ya hewa ya kisiwa

Vitabu vingi vya okidi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na maagizo yake yamekusudiwa nyumba zenye hewa kavu na baridi. Anayeyafuata neno kwa neno akiwa Mombasa hupotea.

Kisiwa hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka katika masika, mwezi wa Mei ukiongoza. Wakati wa kusi mawingu na unyevu huwa vingi, na chungu chaweza kukaa siku nyingi bila kukauka. Kaskazi ikivuma, hasa Januari na Februari, mvua huadimika na joto la mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33. Hivyo mchanganyiko wa kupandia hapa unapaswa kupitisha maji upesi katika Mei, na bado uhifadhi unyevu kidogo katika Februari. Hakuna kitu kimoja kinachofanya yote mawili kikamilifu. Kati ya makosa hayo mawili, kukauka mno ni afadhali, kwa kuwa maji yaweza kuongezwa, ilhali mzizi uliooza haufufuki.

Jambo la pili ni kuoza kwa vitu vyenyewe. Magome ambayo nchi za baridi hukaa miaka miwili au mitatu bila kuharibika, pwani huanza kugeuka tope mapema zaidi. Mwenye kuyatumia ajiandae kuyabadilisha kila mwaka au mwaka na nusu.

Makumbi na hatari yake

Kitu kilicho rahisi na tele pwani ni kumbi la nazi. Nchini Thailand, mashamba makubwa ya Dendrobium hutumia makumbi kwa wingi, na hakuna sababu ya mtu wa Mombasa kununua magome yaliyoletwa kutoka ng'ambo huku makumbi yakichomwa moto Kilifi na Kwale.

Ila si kila kumbi linafaa. Makumbi yanayoonekana kwa urahisi mjini ni yale ya madafu, yanayorundikwa kando ya mikokoteni ya wauzaji. Hayo ni mabichi, yana utomvu na maji mengi, na nyuzi zake hazijakomaa. Huoza upesi na kualika wadudu. Yanayotakiwa ni makumbi ya nazi iliyokomaa, yenye rangi ya kahawia na nyuzi ngumu. Kwa kuwa nazi nyingi hufika sokoni zikiwa zimekwisha kufuliwa, huna budi kuyaagiza kwa muuzaji anayeleta nazi kutoka shamba, au kwenda mwenyewe mahali palipo na kifuo.

Tatizo kubwa la makumbi ni chumvi. Mnazi hustawi karibu na bahari na huvuta chumvi kutoka ardhini, na sehemu yake hubaki katika kumbi. Hali ni mbaya zaidi kwa usumba uliotengenezwa kwa njia ya jadi, ambapo makumbi hufukiwa kwa miezi katika tope la ufuo linalofikiwa na maji ya bahari, kisha yakapondwa ili kupata nyuzi za kusokotea kamba. Usumba huo ni mzuri kwa kamba, na ni sumu kwa okidi usipooshwa sawasawa.

Kwa hiyo makumbi yakatwe vipande vya mraba vyenye ukubwa wa kete ya bao, au zaidi kidogo kwa mimea mikubwa. Vipande hivyo viloweshwe katika ndoo usiku kucha, maji yamwagwe, kisha virudiwe kwa maji mapya mara tatu au nne. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya rangi. Rangi ikipungua haimaanishi kwamba chumvi imekwisha, kwa sababu chumvi haina rangi. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua kijiko cha maji ya mwisho na kuyaacha yakauke juu ya kipande cha kioo safi, kando yake ukikausha kijiko cha maji uliyotumia kuloweshea. Ikiwa doa la kwanza ni jeupe na zito kuliko la pili, endelea kuosha.

Wenye kupanda kwa wingi huongeza hatua moja: huyalowesha makumbi katika maji yaliyoyeyushiwa mbolea ya kalisi naitreti kwa kipimo kilichoandikwa mfukoni, kisha huyasuuza. Kalisi huziondoa sodiamu na potasiamu zilizoshikamana na nyuzi na kukaa mahali pake. Asiyeichukua hatua hiyo mara nyingine hushangaa kuona majani machanga yakiungua ncha hata baada ya kuosha vyema. Mnunuzi aangalie jina kwenye mfuko, maana mbolea ya CAN ambayo wakulima wengi wameizoea ina amonia na si kitu hicho.

Vilevile maduka ya pembejeo huuza matofali ya unga wa makumbi uliokandamizwa. Huo ni mzuri kwa miche ya nyanya. Kwa okidi ni mwembamba mno, hushika maji kama kitambaa na kuziba njia za hewa. Ukilazimika kuutumia, uchekeche na ubakize vipande vikubwa tu.

Makaa

Mshindani wa makumbi ni makaa ya kawaida ya jikoni. Makaa hayaozi. Yana vitundu vidogo vinavyoshika unyevu kiasi, na nafasi kati ya kipande na kipande hupitisha upepo. Vanda na Dendrobium zimelimwa katika makaa kwa miongo mingi kule Singapore na Malaysia, nchi zenye joto na unyevu usio tofauti sana na wetu.

Yavunjwe kwa nyundo, yachekechwe ili vumbi litoke, kisha yaoshwe mpaka maji yawe safi. Vumbi likiachwa huteremka chini ya chungu na kufanya ukoko. Ukubwa hutegemea mmea: punje za mahindi kwa miche midogo, kete za bao kwa Dendrobium iliyokomaa, na vipande kama ndimu kwa Vanda. Makaa ya kubumbwa kutokana na vumbi hayafai, kwani yamegandishwa kwa udongo au wanga na humomonyoka yakilowa. Yale yaliyokwisha kutumiwa jikoni yakadondokewa na mafuta au mchuzi pia yaachwe.

Kasoro ya makaa ni kwamba hayana chakula, na kwamba hukusanya chumvi ya mbolea na ya maji kidogo kidogo. Baada ya miaka miwili au mitatu yanaweza kuonekana salama kwa macho huku ncha za mizizi zikiwa zinakauka. Dawa yake ni kuyamiminia maji mengi matamu mara moja kwa mwezi mpaka yatiririke chini, na kuyatupa yanapofanya utando mweupe.

Kwa mkazi wa ghorofani anayeanza, mchanganyiko ambao mwandishi angeupendekeza ni sehemu mbili za makaa kwa sehemu moja ya makumbi yaliyooshwa. Wakati wa kaskazi, mmea ukionekana kunyauka, makumbi yaweza kuongezwa yakawa nusu kwa nusu. Nyumba iliyo wazi kwa upepo wa bahari huhitaji makumbi zaidi. Ua wa ndani wa Mji wa Kale, wenye kivuli na kuta zinazohifadhi ubaridi, huhitaji makaa zaidi.

Magome, mawe na kuvumwani

Magome ya msonobari, ambao hupandwa katika misitu ya biashara ya nyanda za juu, ni kitu kizuri yakiwa yamekaa miezi kadhaa hadi utomvu wake ukaisha. Viwanda vya mbao huyahesabu kuwa taka. Yakifika Mombasa gharama ya usafiri huwa imeyapandisha bei, na kwa kuwa huoza upesi kuliko makaa, faida yake ni ndogo.

Mawe mepesi yenye vitundu yatokanayo na volkano, ambayo hutumiwa na baadhi ya mashamba ya maua ya Bonde la Ufa, hayaozi na huchanganyika vizuri na makaa. Anayesafiri kutoka bara aweza kuja na gunia moja likamtosha kwa miaka.

Kuvumwani aina ya sfagnamu, linaloletwa hasa kutoka New Zealand na Chile, hushika maji mara nyingi ya uzito wake. Hapa kisiwani halifai kujaza chungu. Jambo la kukumbuka ni kwamba okidi nyingi za Phalaenopsis zinazouzwa madukani hutoka kwa mkulima zikiwa na donge la kuvumwani au la unga wa makumbi katikati ya mizizi, limefichwa na magome ya juu. Donge hilo lilikuwa na manufaa mche ulipokuwa mdogo. Sasa ndilo litakalouozesha, kwa hivyo maua yakimalizika lichambuliwe lote kwa vidole, hata kama mizizi michache itakatika.

Udongo wa bustani, mchanga wa pwani na samadi mbichi havina nafasi katika chungu cha okidi za mitini. Okidi za ardhini ni habari nyingine. Eulophia speciosa, yenye maua ya manjano na ambayo huota katika mchanga wa mwambao, hupandwa katika mchanga wa mto uliochanganywa na majani yaliyooza, nayo hukaa kavu sehemu kubwa ya mwaka bila madhara.

Matumbawe

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na haipiti miezi bila ukuta mmoja kubomolewa na vifusi kuachwa kichochoroni. Vipande hivyo vina vitundu vingi, ni vyepesi kiasi, na huonekana kana kwamba vimeumbwa kwa ajili ya okidi.

Kwa okidi nyingi za kununua, ni mtego. Matumbawe ni chokaa. Huyafanya maji yawe na ualkali, ilhali mizizi ya okidi nyingi za mitini hupenda maji yenye uasidi kidogo, kipimo cha pH kati ya 5.5 na 6.5. Katika mazingira ya chokaa, madini ya chuma hushindwa kufyonzwa, na majani machanga hutoka yakiwa na rangi ya manjano ingawa mishipa yake ni ya kijani. Vipande vya ukuta vina na lipu iliyoshikamana navyo, na ukuta uliokaa karibu na bahari umenyonya chumvi.

Angraecum ya mwambao tuliyoitaja ndiyo inayovumilia, kwa sababu kwao ni huko huko mwambani. Anayeipanda aweza kuchanganya makaa na kokoto za matumbawe ya kale kutoka machimboni, zilizonyeshewa misimu kadhaa. Asitoe matumbawe baharini: matumbawe hai ni viumbe, na sehemu ya bahari iliyo mbele ya kisiwa na Nyali imehifadhiwa na sheria tangu Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilipoanzishwa mwaka 1986.

Chungu chenyewe

Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na kuhifadhi ubaridi, nacho kina uzito wa kuzuia kisiangushwe na upepo wa kusi. Mwenye kukinunua aombe kitobolewe matundu ubavuni kabla ya kuchomwa, si lile moja la chini pekee. Chungu cha plastiki ni rahisi kutobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Magae ya vyungu vilivyovunjika yawekwe chini kwa ajili ya uzito.

Kifuu cha nazi kilichotobolewa kinafaa kwa miche, na kikapu cha vijiti vya mbao ndicho kinachopendeza Vanda. Katika unyevu wa Mombasa, Vanda huweza kukaa kikapuni na vipande vitatu vya makaa, au bila kitu chochote, mizizi ikining'inia hewani. Sharti lake ni kumwagiwa maji kila asubuhi, na mara mbili kwa siku wakati wa kaskazi. Anayesafiri mara kwa mara asiifuge kwa namna hiyo.

Usiweke kisahani chini ya chungu. Maji yanayotuama huozesha mizizi, na pia huzalisha mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Mombasa ilipatwa na mlipuko wa dengue mwaka 2013 hadi 2014, kisha ukarejea 2017, mwaka ambao mwishoni mwake chikungunya nayo iliingia.

Maegemeo ya mbao na miti hai

Njia iliyo karibu zaidi na maumbile ni kuacha chungu kabisa na kuifunga okidi juu ya gogo, ubao au mti hai. Katika mji wenye unyevu kama huu, njia hiyo huepusha kuoza kwa mizizi karibu kabisa.

Egemeo jema lina gome la mikwaruzo lisilobanduka, mbao ngumu isiyooza upesi, na halitoi utomvu. Mvinje, unaopandwa na wakulima wa Kilifi na Kwale kwa ajili ya nguzo za ujenzi, hupatikana kwa wauza mbao wengi. Vipande vinavyokatwa na kutupwa vyatosha kufunga okidi kadhaa. Vipande vya nguzo za mtarakwa hudumu zaidi. Tawi la mwembe lililokatwa hushika mizizi vizuri mwaka wa kwanza, lakini gome lake hubanduka na mbao kuliwa na mchwa, kwa hivyo halifai kwa mmea unaotaka kuurithisha.

Magogo yanayookotwa ufuoni huvutia macho kwa umbo lake. Yamejaa chumvi hadi kiini, na hata kuyalowesha juma zima hakutoshi. Yaachwe yanyeshewe masika mawili kabla ya kutumiwa. Boriti za mikoko pia zina chumvi, na ukataji wa mikoko unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu. Hakuna haja ya kuutafuta kwa ajili ya ua. Wala isibanduliwe gome la mbuyu au mti mwingine ulio hai.

Kufunga kuna utaratibu. Subiri mpaka mmea uanze kutoa mizizi mipya yenye ncha za kijani, jambo ambalo mara nyingi huja pamoja na mvua. Weka kipande chembamba cha kumbi lililooshwa kati ya mizizi na gogo, usifunike shina, kisha funga kwa mshipi wa kuvulia au vitambaa vya soksi za nailoni zilizochakaa. Ifungwe imara kiasi kwamba ukitikisa gogo mmea hausogei, kwa kuwa ncha ya mzizi inayosuguliwa hufa. Waya wa shaba usitumiwe. Madini hayo huidhuru mizizi. Baada ya miezi michache mizizi hushika na kamba zaweza kukatwa.

Mwenye uwanja ana bahati zaidi, maana mti hai hauozi. Msanapichi, ule mti wa maua meupe yenye harufu nzuri, una gome lenye unyevu na kivuli chepesi, na katika nchi nyingi za joto umekuwa makao ya okidi za bustanini. Mwembe nao ni mwema, ingawa kivuli chake ni kizito na okidi ifungwe upande unaopata jua la asubuhi. Eneo la Mwembe Tayari lenyewe lina jina la mti huo. Anayepanda ladha ajihadhari na majimoto, sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota: hawadhuru okidi, bali huwala wadudu waharibifu, ila mkono wa anayefunga kamba hawauhurumii.

Mnazi una shina laini mno kwa mizizi michanga, na mkaratusi hubandua gome lake. Miti hiyo miwili isitumiwe.

Maji

Uchaguzi mzuri wa vitu vya kupandia huharibiwa na maji mabaya. Visima vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na bomba linapokauka ndiyo yanayouzwa kwa mikokoteni. Mmea ulio katika makaa au juu ya gogo hauna udongo wa kupunguza makali ya chumvi hiyo. Huipokea yote mzizini.

Maji ya mvua ndiyo bora. Mvua ya kwanza baada ya ukame iachwe ioshe paa, kisha mapipa yakingwe na kufunikwa dhidi ya mbu. Yasipopatikana, tumia ya bomba yanayotoka bara, na ya kisima yabaki kwa kuoshea sakafu. Utando mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za mizizi zilizogeuka kahawia ni dalili za chumvi, si za kiu, na kuongeza mbolea wakati huo ni kuzidisha madhara. Mbolea itolewe robo ya kipimo cha kawaida, mara moja kwa juma, juu ya mizizi iliyokwisha kulowa.

Kuhamisha na kununua

Wakati wa kubadilisha vitu vya kupandia ni pale machipukizi mapya yanapoanza, kabla mizizi yake haijarefuka. Katika Mombasa, Machi na Oktoba ni miezi mizuri, kwa kuwa mvua iko njiani. Kata mizizi iliyolainika kwa kisu kilichopitishwa motoni, tupa vitu vyote vya zamani, na usimwagilie kwa siku tatu nne ili majeraha yakauke. Chungu kisizidi ukubwa wa mizizi. Chungu kikubwa hakiharakishi ukuaji, hubakiza maji tu.

Phalaenopsis isipotoa maua baada ya haya yote, huenda ni joto. Aina hiyo hungoja majuma ya ubaridi ili kuchanua, na Mombasa huyapata kwa uchache mwezi wa Julai na Agosti. Simbidiamu inayosifiwa nyanda za juu haitachanua pwani hata ikipandwa katika nini.

Kuhusu mahali pa kupata mimea, kuna onyo. Ansellia na Angraecum huuzwa wakati mwingine zikiwa zimeng'olewa msituni, mizizi imekatwa na mapande ya gome yakiwa bado yameshikamana nayo. Mmea wa namna hiyo mara nyingi hufa, na msitu huwa umepungukiwa. Ansellia africana imo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, daraja la walio katika mazingira hatarishi. Kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni miongoni mwa masalia ya misitu ambamo okidi za mwambao zimesalimika, na kutoa mmea humo ni kuvunja miiko ya wazee pamoja na sheria.

Mnunuzi atazame mizizi. Mmea uliokuzwa kitaluni una mizizi inayozunguka umbo la chungu chake na majani yasiyo na makovu. Uliong'olewa una mizizi mifupi iliyokatika upande mmoja. Muulize muuzaji ameugawa kutoka mmea gani.

Biashara ya okidi zote kuvuka mipaka husimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama wake. Anayetaka kuleta mmea kutoka Dubai au Thailand anahitaji vibali vya mkataba huo pamoja na kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS kabla ya kusafiri, la sivyo mmea hutwaliwa uwanjani. Miche iliyomo ndani ya chupa za maabara, ikiwa haijafunguliwa, husamehewa vibali vya CITES, ingawa ya KEPHIS bado hutakiwa. Miche hiyo ikitolewa chupani huoshwa na kupandwa katika makaa ya ukubwa wa punje za mahindi, chini ya kivuli, kwa miezi sita ya kwanza.